Muvi ya Bure, Pesa za Chama: Unachotoa Unapopakua Faili kwa Torenti

Leo tuanze na mfano.

Ni Jumapili jioni, mwezi wa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa. Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama 12. Kila mmoja amechanga shilingi 7,000, kwa hivyo kwenye simu yake kuna shilingi 84,000 zinazongoja kugawanywa Jumatatu asubuhi ili watu wakalipe karo. Kijana wake wa Kidato cha Tatu anaiomba ile simu.

"Mama, nipe tu kidogo, kuna muvi nataka kushusha."

"Usinimalizie bando," mama anamwambia, na kumpa.

Kijana anaipata muvi kwenye tovuti ya torenti. Anaambiwa kwamba ili icheze, lazima kwanza aweke programu mpya ya kuchezea video. Simu inamwonya kwamba programu hiyo haitoki dukani rasmi. Anabonyeza "kubali". Programu inaomba kusoma meseji, anakubali. Inaomba kuona na kuendesha kilicho kwenye skrini, anakubali pia, maana muvi ndiyo anayoitaka. Muvi yenyewe inacheza vizuri tu. Saa tatu anamrudishia mama simu na kusema asante.

Kabla ya kulala, mama anafungua programu yake ya pesa, anaweka PIN, anaangalia salio. Shilingi 84,000 ziko. Anaweka simu kando ya kitanda, data ikiwa bado imewashwa. Alfajiri akiamka, salio ni shilingi 112.

Mfano huu tumeubuni, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyowezekana. Na ukiutazama vizuri utaona kwamba hakuna aliyepiga simu kujifanya mfanyakazi wetu, hakuna aliyeomba PIN, na hakuna aliyetuma ule ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa". Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya muvi. Mwizi alipitia humo humo.

Torenti inafanyaje kazi?

Ukipakua kitu kwenye tovuti ya kawaida, faili inatoka kwenye kompyuta ya mwenye tovuti na kuja kwako. Kwenye torenti mambo ni tofauti. Faili inakatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vinakaa kwenye simu na kompyuta za watu wa kawaida, mmoja yuko Brazil, mwingine India, mwingine labda jirani yako hapo Umoja. Simu yako inaomba kipande hiki kwa huyu na kile kwa yule, kisha inaviunganisha mpaka faili inakamilika. Mfumo unaojulikana zaidi wa aina hii ni BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001.

Sasa hapa ndipo wengi hawapajui. Kipande kikishafika kwako, simu yako nayo inaanza kuwagawia wengine. Hivyo ndivyo torenti ilivyotengenezwa. Ni kama chama: huwezi kuwa wa kupokea tu, lazima na wewe uchange. Ila kwenye chama unajua unachanga kiasi gani na nani anapokea. Kwenye torenti unachanga bila kuambiwa. Unachanga bando lako, unachanga chaji, na anwani ya intaneti ya simu yako, ile inayoitwa IP, inaonekana kwa kila mtu anayeshiriki faili hiyo.

Kwa hivyo ukipakua muvi ya MB 700 na bando la GB 2 likaisha, usikimbilie kusema umeibiwa data. Huenda ulikuwa unawapelekea watu usiowajua.

Kuna na ile njia nyingine tunayoizoea zaidi hapa Kenya: kurushiana faili simu kwa simu, kwa Bluetooth au kwa programu kama Xender na SHAREit. Hii haihitaji hata bando, na ndiyo maana inapendwa. Rafiki anakurushia nyimbo, michezo, hata programu nzima. Rafiki huyo hana nia mbaya. Lakini naye alirushiwa na mtu, na huyo mtu alirushiwa na mwingine, na hakuna kati yenu anayejua faili ilianzia wapi.

Hatari ya kwanza: faili sio ile unayodhani

Torenti ina namna ya kuhakikisha kwamba kipande ulichopokea ni sawasawa na kile kilichotumwa. Hilo inalifanya vizuri sana. Lakini haina namna ya kujua kama kilichotumwa ni salama. Ikiwa aliyeanzisha faili alitia sumu, torenti itakuletea sumu hiyo nzima, bila kupungua hata tone.

Angalia herufi za mwisho za jina la faili. Muvi kwa kawaida huishia na .mp4 au .mkv, na wimbo huishia na .mp3. Faili inayoishia na .apk ni programu ya Android. Inayoishia na .exe ni programu ya kompyuta. Matapeli huandika jina refu, kwa mfano "muvi-mpya-2024-HD.mp4.apk", wakijua kwamba kwenye skrini ndogo utaona ile .mp4 tu na mwisho utakatwa.

Shika kanuni hii na uwafundishe watoto: muvi huchezwa, haisakinishwi. Wimbo huchezwa, hausakinishwi. Ukiambiwa usakinishe kitu kabla ya kuona muvi, achana nayo.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye programu zilizobadilishwa, zile zinazotolewa bure ilhali dukani zinalipiwa, au zile zinazoahidi mambo ambayo programu halisi haina. Mwezi wa Agosti 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kwamba ilipata programu hasidi iitwayo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine. Watumiaji walikuwa wameiruhusu FMWhatsApp kusoma meseji zao, kwa hivyo Triada nayo ikapata mlango wa meseji hizo.

Kwa nini tunasisitiza meseji? Kwa sababu kwetu Kenya, meseji ndiyo stakabadhi na ndiyo ufunguo. Namba ya uthibitisho kutoka benki inakuja kwa meseji. Ukitaka kubadilisha neno la siri la barua pepe, namba inakuja kwa meseji. Taarifa kwamba pesa zimetoka inakuja kwa meseji. Programu inayosoma meseji zako inaweza kuichukua namba kabla wewe hujaiona. Na ikiwa imepewa nafasi ya kuendesha skrini, inaweza kuona unachoandika na kubonyeza kana kwamba ni wewe. Haina haja ya kuvunja mfumo wetu. Inakaa ndani ya simu yako na kungoja uweke PIN.

Hata programu za kurushiana faili zenyewe zinaweza kuwa na ufa. Mwezi wa Februari 2021, kampuni ya Trend Micro ilitangaza kwamba toleo la Android la SHAREit lilikuwa na kasoro ambazo mtu mbaya angeweza kuzitumia kuvujisha data ya mwenye simu. Wenye programu walisema baadaye kwamba wamezirekebisha. Lakini marekebisho humfikia tu yule anayesasisha programu zake. Aliyerushiwa toleo la zamani na rafiki hukaa na ufa ule ule.

Hatari ya pili: kugawa usichokusudia

Programu nyingi za kushirikishana faili hukuuliza ni folda gani iwe wazi kwa wengine. Mtu mwenye haraka huchagua kumbukumbu yote ya simu au kompyuta. Basi pamoja na nyimbo, anafungua picha ya kitambulisho, cheti cha KRA, stakabadhi za mshahara na ile faili aliyoandikia maneno yake ya siri.

Jambo hili lilishawahi kumfikisha mtu jela. Mwaka 2007, mwanamume mmoja wa Seattle, Marekani, alikamatwa kwa kutumia programu za kushirikishana faili, ikiwemo LimeWire, kutafuta kwenye kompyuta za watu fomu zao za kodi na taarifa zao za benki, kisha kununua vitu kwa majina yao. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 51. Walioibiwa hawakuwa wamempa kitu. Kompyuta zao ndizo zilizokuwa zimeacha kabati wazi, na yeye alichofanya ni kuandika maneno ya kutafutia tu.

Hapa kwetu, picha ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ni mtaji tosha kwa tapeli. Akiwa navyo anaweza kujaribu kubadilisha laini yako, au kukukopea mkopo wa simu ambao utausikia siku ya kudaiwa.

Hatari ya tatu: sheria

Watu wengi husema, "Mimi sikuuza, nilijitazamia tu nyumbani." Kumbuka tulichosema kuhusu torenti: unapopokea, unagawa. Mbele ya sheria, kujitazamia ni jambo moja na kusambaza ni jambo lingine, na simu yako ilikuwa inasambaza.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 2007, Jammie Thomas, mama wa jimbo la Minnesota, alifikishwa mahakamani na kampuni za muziki kwa ajili ya nyimbo 24 zilizopatikana zikishirikishwa kupitia programu ya Kazaa. Kesi ilisikilizwa mara tatu. Mwisho, mwaka 2012, mahakama ya rufaa iliamua kwamba anapaswa kulipa dola 222,000. Ukigawa, hiyo ni dola 9,250 kwa kila wimbo.

Hiyo ni sheria ya Marekani, na sisi tuna yetu. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 40, inaitaka Serikali ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Kutoa nakala za kazi ya mtu bila ruhusa ili kuziuza, kuzikodisha au kuzisambaza ni kosa linaloweza kukuletea faini, kifungo au vyote viwili. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza njia ya mwenye kazi kuitaka kampuni ya intaneti izuie au iondoe kazi iliyowekwa mtandaoni bila idhini yake.

Ikiwa una duka la muvi, saibakafe au unawajazia wateja nyimbo kwenye flashi kwa shilingi hamsini, jambo hili linakuhusu zaidi. Wewe huwezi kusema ulikuwa unajitazamia. Kuuza au kukodisha filamu pia kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB. Askari wakiingia, wanaweza kubeba kompyuta zako kama ushahidi, na siku utakazokaa bila kompyuta ni siku za kukaa bila kazi.

Kuna jambo zito zaidi. Torenti nyingi huja kama furushi, faili mia moja ndani ya moja, na huwezi kujua zote ni za nini. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kupakua, kusambaza au kumiliki kwa makusudi picha au video za ngono zinazohusisha watoto kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Ni kweli kwamba sheria inaangalia nia. Lakini hakuna anayetaka kuwa mtu wa kusimama mbele ya mpelelezi akieleza kwamba hakujua kilichokuwa ndani ya furushi.

Na usidhani huonekani. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtoto akiitumia, jirani akiiazima, jina linaloonekana ni lako.

Sio kila kushirikishana ni kosa

Tusieleweke vibaya. Torenti ni chombo tu, kama panga. Watengenezaji wa mifumo ya Linux hutumia torenti kuwapa watu programu zao kihalali. Internet Archive hutoa torenti za vitabu na rekodi nyingi za zamani ambazo hazina tena hakimiliki. Filamu fupi ya katuni iitwayo Big Buck Bunny, iliyotoka mwaka 2008, waliyoitengeneza wenyewe waliruhusu mtu yeyote aipakue na kuisambaza. Na ukiwarushia ndugu zako picha za harusi uliyopiga mwenyewe, hizo ni zako, rusha tu.

Swali la kujiuliza ni rahisi: mwenye kitu hiki amekubali nikipate hivi? Kama jibu hulijui, basi pia hujui ni nani aliyekiweka hapo, wala kwa nini ameamua kukupa bure.

Kabla ya kupakua

- Chukua programu dukani rasmi tu. Kwa Android ni Play Store, kwa iPhone ni App Store. Ingia pia kwenye mipangilio ya simu na uzime ruhusa ya kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana.
- Washa Play Protect. Iko ndani ya Play Store, ukibonyeza picha yako ya wasifu. Huchunguza programu zilizo kwenye simu, hata zile ulizorushiwa.
- Soma ruhusa kabla ya kukubali. Programu ya kuchezea video haina kazi na meseji zako. Ikiziomba, iondoe.
- Kuwa mwangalifu zaidi na ruhusa ya ufikivu. Imewekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu watumie simu, na kwa sababu hiyo inaipa programu uwezo wa kusoma skrini na kubonyeza. Matapeli wanaipenda.
- Tenga simu ya pesa na simu ya burudani. Hata kabambe ya bei nafuu inatosha kuweka laini ya pesa. Haiwezi kucheza muvi, na hapo ndipo uzuri wake.
- Pesa za chama zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Tumieni akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja kabla pesa kutoka.
- Usiandike PIN ndani ya simu. Sio kwenye meseji, sio kwenye majina ya watu, sio kwenye picha.

Ikiwa umeshabonyeza

Usione aibu, na usingoje kesho. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Zima data na Wi-Fi papo hapo. Anayeiendesha simu kutoka mbali anahitaji intaneti. Ukiikata, umemkata yeye.
2. Toa laini na uiweke kwenye simu nyingine unayoiamini. Kabambe ya jirani inafaa. Badilisha PIN ukiwa huko, usiibadilishe ukiwa kwenye simu yenye shida.
3. Tupigie. Tumia namba iliyo kwenye tovuti yetu rasmi, sio namba uliyotumiwa na mtu. Omba akaunti isimamishwe kwa muda. Kisha ipigie benki yako.
4. Ondoa ile programu. Ikikataa kutoka, ingia kwenye mipangilio, iondolee kwanza ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa simu, kisha ujaribu tena. Ikishindikana, hifadhi picha zako na urudishe simu kwenye hali ya kiwandani.
5. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya programu za benki, kutoka kwenye simu safi.
6. Ikiwa pesa zimetoka, nenda kituo cha polisi ukaandikishe na upewe namba ya OB. Usifute meseji za miamala, zitahitajika.

Kumbuka pia kwamba sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN, hata siku umeibiwa. Hasa siku hiyo, kwa sababu matapeli hujua una wasiwasi na utamsikiliza yeyote anayesema amekuja kusaidia.

Turudi kwa yule mama. Jumatatu saa mbili asubuhi, wenzake 11 wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na karatasi ya karo mkononi. Anayepaswa kusimama na kueleza ni yeye, na maelezo yake ni kwamba aliwasha simu akakuta pesa hazipo. Wangapi watamwamini? Shilingi 84,000 zinaweza kulipwa polepole, mwaka mzima ukipita. Jina la mweka hazina mwaminifu halina mahali pa kukopwa.

Yule kijana hakuwa mwizi. Alitaka muvi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba simu aliyoishika ndiyo benki ya nyumba kumi na mbili. Leo jioni, kabla hujamwachia mtoto simu, mwambie.